Mwalimu Carey Francis: Maisha Yake Darasani, Uwanjani na Jukwaani

Katika kijitabu hiki cha Yubile tunawakumbuka watu wengi waliojenga makanisa. Yafaa tumkumbuke na mmoja aliyejenga shule. Kazi yake hakuifanya huku kwetu Bariadi. Aliifanya Kenya, upande wa pili wa Ziwa. Lakini chama kilichomtuma, yaani CMS, ndicho kilichofungua misioni ya Nassa mwaka 1888, ufukoni mwa Ziwa, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Busega ya mkoa wetu wa Simiyu. Mwaka 1909 misioni ile ikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Na misioni hiyo ya pili nayo ilikuwamo katika ushirika uliozaa shule ya Alliance huko Kikuyu. Kwa hiyo habari za mtu huyu si habari za mbali.

Iko na sababu nyingine. Wazazi wengi huuliza kwa nini mtoto aliyepelekwa shule ya Kikristo, kwa ada iliyopatikana kwa kuuza pamba au ng'ombe, aonekane jioni akikimbiza mpira au akijifunza kuigiza. Swali hilo ni la haki. Maisha ya mwalimu huyu yanalijibu, na penye upungufu wake yanatufundisha vilevile.

Kuzaliwa kwake na kuitwa kwake

Edward Carey Francis alizaliwa London, katika nchi ya Uingereza, mwaka 1897. Alikuwa kijana hodari wa masomo na wa michezo pia. Vita Kuu ya kwanza ilipotokea akatumika katika jeshi la mizinga, akaona kwa macho yake jinsi vijana wa rika lake walivyoangamia. Baada ya vita akaenda chuo kikuu cha Cambridge, akasoma hesabu, akashinda kwa sifa kubwa hata akafanywa mmoja wa walimu wa chuo cha Peterhouse. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima na utulivu, ambayo mtu huweza kuishika mpaka uzeeni pasipo kutafuta nyingine.

Mwaka 1928 akaiacha. Watu waliomjua wakastaajabu, kwa maana hakufukuzwa wala hakukosa chochote. Aliona kwamba elimu aliyopewa na Mungu ilihitajiwa zaidi mahali pengine. Akajitoa kwa chama cha CMS, akapanda meli, akaja Afrika. Hakuoa maisha yake yote. Wanafunzi wake ndio waliokuwa jamaa yake.

Miaka ya Maseno

Shule aliyopewa ilikuwa Maseno, karibu na Kisumu, mahali ambapo mstari wa Ikweta unapita. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1906. Mtu aliyefundisha hesabu za juu kabisa kwa vijana wa Cambridge sasa akawa anafundisha kujumlisha na kugawanya kwa vijana wa nchi ya Ziwa, wala hakuiona kazi hiyo kuwa ndogo. Baadaye akatunga vitabu vya hesabu vilivyotumika katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki.

Masomo ya darasani yalipokwisha, Bwana Francis hakwenda kujifungia nyumbani. Alivaa kaptula yake ya kaki akaingia uwanjani pamoja na wanafunzi. Aliupenda sana mpira wa miguu, naye aliufundisha kwa bidii ileile aliyofundishia hesabu. Aliwataka wachezaji wapeane mpira, kila mmoja alinde mahali pake, wala asiwepo mtu wa kutafuta sifa zake peke yake. Udanganyifu uwanjani aliuhesabu kuwa sawa na uongo darasani. Kushinda kwa hila kwake hakukuwa kushinda.

Tuelewe vema kusudi lake. Wale vijana walitoka katika koo mbalimbali, na wengine katika makabila ambayo zamani yaligombana. Uwanjani mtoto wa mkubwa alipaswa kumpa mpira mtoto wa maskini, kwa kuwa ndiye aliyesimama mahali pazuri. Tena mwamuzi alipopuliza filimbi, aliyeonewa alipaswa kutii na kuendelea kucheza. Mambo hayo mawili, kumtumaini mwenzako na kujizuia unapokasirika, ni vigumu kuyafundisha ubaoni.

Alliance na utaratibu wake

Mwaka 1926 ushirika wa misioni za Kiprotestanti ulikuwa umefungua shule ya juu huko Kikuyu, karibu na Nairobi. Ndiyo Alliance High School. Mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa Bwana G. A. Grieves, naye alipoondoka mwaka 1940 akaitwa Bwana Francis kushika mahali pake. Akakaa huko hata mwaka 1962, yaani miaka 22.

Maisha ya pale yalikuwa ya utaratibu mkali. Palikuwa na sala, na ukaguzi wa mabweni, na kazi za mikono, na masomo, na michezo, kila jambo kwa saa yake. Mabweni yalipewa majina ya watu mashuhuri, kama Livingstone, Wilberforce na Aggrey, nayo yalishindana kwa usafi, kwa mpira na kwa mbio. Mtoto asiyekuwa hodari wa hesabu aliweza kulipatia bweni lake alama kwa miguu yake. Na yule dhaifu wa mbio alijua kwamba bweni lilingoja mchango wake wa namna nyingine. Wito wa shule ulihusu kuwa na nguvu, lakini nguvu za kutumikia wengine. Wako wanafunzi waliomwona Bwana Francis kuwa mkali kupita kiasi, wala hatusemi walikosea katika yote. Lakini alijua jina la kila mmoja, na sheria aliyowawekea wao aliishika yeye kwanza.

Mmoja wa waliosoma hapo katika miaka yake ni Kenneth Matiba, ambaye baadaye aliongoza chama cha mpira cha Kenya, kisha akawa waziri katika serikali. Watu wengi walioshika madaraka Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 walikuwa wametoka Alliance na Maseno.

Jukwaa katika siku za hatari

Pamoja na michezo ya uwanjani, shule ilikuwa na kwaya, na kila mwaka wanafunzi waliigiza mchezo mmoja wa Shakespeare, mtungaji mkubwa wa Waingereza. Mwaka 1955 waliigiza As You Like It, mwaka 1956 sehemu ya kwanza ya Henry IV, mwaka 1957 King Lear, na mwaka 1958 A Midsummer Night's Dream.

Msomaji, iangalie vizuri miaka hiyo. Oktoba 1952 serikali ya Waingereza ilikuwa imetangaza hali ya hatari katika Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na hali hiyo haikuondolewa mpaka Januari 1960. Alliance ilisimama katikati ya nchi ya Wakikuyu. Ndani ya bweni moja alilala kijana ambaye ndugu yake alikuwa msituni, na kando yake kijana ambaye baba yake alikuwa upande wa serikali. Kijana mmoja wa Limuru, aliyeitwa wakati huo James Ngugi, aliingia shuleni mwaka 1955; aliporudi nyumbani kwa likizo ya kwanza aliukuta mji wao umebomolewa, na watu wamehamishwa. Kisha akarudi shuleni kujifunza, kuimba na kutazama maigizo. Hebu mfikirie kijana wa namna hiyo akiuona mwaka 1957 mchezo wa mfalme mzee aliyenyang'anywa kila kitu, anayetangatanga katika tufani bila mahali pa kulala. Habari hiyo ilitungwa Uingereza zamani sana, lakini wale vijana hawakuhitaji mtu wa kuwafasiria huzuni yake.

Bwana Francis mwenyewe alikuwa katika njia nyembamba. Aliwapinga Mau Mau kwa nguvu zote. Lakini hakunyamaza alipojua ukatili wa askari wa serikali, ingawa serikali ile ilikuwa ya watu wa taifa lake. Kwa ajili hiyo baadhi ya wazungu hawakumpenda, na Waafrika wengi hawakumwelewa. Shule haikufungwa. Mpira ulichezwa, kwaya iliimba, maigizo yakaendelea. Labda mtu atasema huo ulikuwa upuzi wakati wa damu. Sivyo. Vijana ambao nje walitengwa na uhasama, mle ndani waliendelea kupeana mpira na kuimba sauti nne za wimbo mmoja.

Upungufu wake

Wasifu wa Mkristo usiwe kama sanamu iliyopakwa chokaa. Bwana Francis hakuwatumaini wanasiasa wa Kiafrika, akadhani uhuru utakuja polepole kuliko ulivyokuja. Na katika jukwaa lake Shakespeare alikuwa na kiti cha mbele, lakini ngoma na hadithi za wenyeji zilibaki nje ya lango. Mtoto aliweza kumaliza shule akijua wafalme wa Uingereza, asijue jukwaa la babu yake.

Yule James Ngugi ndiye aliyekuja kujulikana ulimwenguni kote kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Mwaka 1977 yeye na mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwapa wakulima na wafanya kazi wa Kamĩrĩĩthũ, huko Limuru, mchezo katika lugha ya Kikuyu. Serikali ya Kenya huru ikauzuia mchezo huo, na Ngũgĩ akafungwa bila kushtakiwa tangu mwisho wa mwaka ule hata Desemba 1978. Basi mbegu ilipandwa na mwalimu kwa namna moja, ikaota kwa namna nyingine. Ndivyo ilivyo kazi ya kufundisha: apandaye haichagulii mbegu matawi yake.

Sisi wa Usukuma jambo hili latuhusu sana. Kwetu mashindano ya Bagika na Bagalu baada ya mavuno ni ya tangu zamani, na bugobogobo huwafanya watu walime kwa furaha. Siku nyingi makanisa yaliziogopa ngoma hizo zote pamoja, yasichambue. Lakini kuanzia miaka ya 1950 Padre David Clement wa Bujora, karibu na Mwanza, alizikaribisha ngoma na nyimbo za Kisukuma hata kanisani. Shule ya Kikristo iliyo na uwanja wa Francis na ngoma ya Bujora pamoja ingekuwa imekamilika.

Mwisho wake

Mwaka 1962 Bwana Francis aliacha ukuu wa Alliance. Hakurudi Uingereza kupumzika. Alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa hali ya chini katika Nairobi, akafundisha katika shule ya sekondari kama mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine. Aliyekuwa amewafundisha mawaziri alisahihisha tena madaftari ya watoto wa mtaani. Katika kazi hiyo akafariki Julai 1966, naye akazikwa Alliance, katika shule aliyoipenda.

Walimu wapendwa, jambo hili la mwisho ndilo linaloyatia muhuri yale ya kwanza. Miaka mingi aliwaambia wachezaji kwamba si lazima kila mtu awe mfungaji. Kisha yeye mwenyewe, katika uzee, akakubali kutoka mbele na kucheza nyuma bila kunung'unika. Mtoto wetu anapotoka jioni uwanjani amechafuka kwa vumbi la Bariadi, tusimwulize tu kama wameshinda. Tumwulize alimpa nani mpira. Na Bwana wa mavuno atupe walimu ambao watoto wakiwaangalia watalijua jibu.