John Browning, fundi wa pistole ya mufukoni

Leo nitawaelezea maisha ya fundi mumoja wa zamani. Lakini kwanza mujue juu ya nini ninamukumbuka.

Kijana mumoja tunatumika naye posti ya usiku alinifuata kisha kazi, hapa Luano, upande wa barabara ya uwanja wa ndege. Siku ya mushahara bandi walimukamata njiani, wakabeba franga yote pamoja na telefone. Alirudia nyumbani mikono mitupu, na muke wake alikuwa anamungojea na deni ya duka. Sasa aliniomba, mimi yaya yake na delege wa sendika, nimusaidie kuchagua pistole ndogo, ile inafichama chini ya salopeti bila mutu kuiona. Alikuwa amesikia namba: 6,35, 7,65, 9. Hakujua zinatofautiana namna gani. Sikumucheka, juu hata mimi ninapita barabara ile ile, na hata mimi ninaogopa. Nilimuahidi jibu. Jibu njo hii.

Pistole nyingi ndogo za mufukoni zimetoka katika kichwa ya mutu mumoja: John Moses Browning. Alizaliwa mwaka wa 1855 kule Ogden, katika Utah, upande wa mangaribi wa Marekani. Baba yake Jonathan alikuwa fundi wa bunduki na mutu wa dini ya Mormoni, mwenye wake watatu na watoto 22. Mutoto John alikomalia katika atelie ya baba, kati ya vipande vya chuma vilivyotupwa. Alipokuwa na miaka karibu 13 alishatengeneza bunduki yake ya kwanza na vile vipande. Shule hakuifuata sana.

Baba alikufa mwaka wa 1879. Mwaka ule ule John alioa, na alipata breve yake ya kwanza ya serikali, juu ya bunduki ya kupiga sasi moja moja. Yeye na ndugu zake walifungua atelie yao mule Ogden, wakaanza kuitengeneza. Watumikaji wa garaji na wa atelie watamutambua mutu wa namna hii: hakukuwa ingenieri wa kuchora plan kwenye meza. Alikata kwanza mufano katika karton ao katika chuma, alijaribu, alipiga tupa, alijaribu tena, mpaka chuma ikubali. Namna ile alitumika maisha yake yote, na alipata breve 128.

Mwaka wa 1883 mukubwa wa kompani Winchester alifunga safari mpaka Ogden kwa kuona bunduki ile. Aliinunua kwa dola 8.000. Kwa fundi wa muji mudogo ilikuwa feza mingi. Kisha pale, kwa muda wa miaka karibu 19, Winchester ilimununulia bunduki 44. Kila moja ililipwa mara moja, na neno lilikwisha. Kompani ikiuza bunduki mia ao laki, fundi hapati tena kitu. Zingine ilinunua na kuzifungia tu ndani ya sanduku, ili kompani ingine isizipate.

Wakati ule mutu aliyetaka silaha ya kubeba kwenye mwili alichukua revolveri. Ni ile yenye kichungu cha kuzunguka katikati, mahali masasi yanakaa. Ni chuma ya nguvu, lakini kile kichungu kinavimba: ukiweka chini ya koti, kila mutu anaona. Browning alitafuta njia ingine. Masasi aliyapanga mumoja juu ya mwingine ndani ya mukono wa pistole. Chuma ya juu inarudi nyuma yenyewe kila mara sasi linatoka, inatupa ganda tupu inje, na inaporudia mbele inaingiza sasi lingine. Pistole ikakuwa nyembamba sawa kitabu. Breve zake za pistole zilitoka mwezi wa nne 1897.

Ni pale njo Ubelgiji ilipoingia. Kule Herstal, karibu na muji wa Liège, kulikuwa fabrike ya silaha, FN, iliyoanzishwa mwaka wa 1889 kwa kutengeneza bunduki 150.000 za jeshi la Ubelgiji. Kazi ile ilipopunguka, wakubwa walitafuta kitu kingine cha kuuza. Walimutuma mutu wao mumoja Marekani mwaka wa 1897 kwa kuangalia namna ya kutengeneza ma vélo. Kule alikutana na Browning, na alirudia Herstal na pistole. Kumbe ile njo ilikuwa bahati ya fabrike. Modeli ya 1900, ya kalibri 7,65 na masasi 7, iliuzwa zaidi ya 700.000. Katika lugha ya Kifaransa watu walianza kuita pistole yoyote browning, sawa vile sisi tunaita kitu kwa jina la mutu aliyeileta.

Sasa musikilize hii, juu inatugusa sisi watu wa sendika. Mwaka wa 1902 Browning alikuwa na bunduki mupya ya kuwinda, inayopiga masasi matano bila kushikilia tena. Alijua itauzwa sana. Alikwenda kwa Winchester na akakataa bei ya mara moja: alitaka sehemu yake kwa kila bunduki itakayouzwa. Kompani ilikataa. Akaondoka. Miaka karibu 19 ya kutumika pamoja ilikwisha siku ile. Alikwenda kwa Remington, lakini mukubwa wa kule alikufa gafula siku ile ile Browning alikuwa anangojea kumuona. Basi akapanda mashua, akavuka bahari mpaka Herstal, na FN ikakubali sharti lake. Yeye, fundi mwenye shule kidogo, alikuwa amejua bei ya kazi ya mikono yake.

Kwa wale wanaotaka kujua namna ya kuchagua, miaka ile ya Herstal inafundisha yote. Mwaka wa 1906, ule ule Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa, FN ilileta kwenye soko pistole ya mufuko wa jile. Urefu wake ni sentimeta 11 na kidogo, uzito chini ya gramu 400, masasi 6. Inaenea katika kiganja, na iliuzwa zaidi ya milioni moja. Lakini kalibri yake ni 6,35, sasi dogo sana. Mutu aliyepigwa anaweza kuendelea kukufuata. Mukono wake ni mufupi, vidole viwili tu njo vinashika vizuri, kwa hiyo kulenga mutu akiwa mbali kidogo ni bure.

Browning mwenyewe aliona ule upungufu. Katika modeli ya 1910 aliongeza: sentimeta 15, uzito karibu gramu 600, kalibri 7,65 ao 9 fupi. Resori aliizungusha kwenye bomba la pistole ili ikuwe nyembamba. Hakuacha kitu chochote kinachotokeza inje, ili isikamatwe na nguo wakati wa kuitosha. Tena aliiwekea surete tatu: moja ya kidole, moja ya kiganja, na moja inayozuia isipige kama sharjeri imetoka. Surete tatu, juu alijua pistole iliyo ndani ya mufuko inatazama kwanza muguu wa mwenyewe, na ikiwa nyumbani inatazama mutoto anayeipata chini ya mutoo. Hesabu ni ile mpaka leo. Ile ndogo ya kufichama vizuri haina nguvu na ni nguvu kulenga nayo. Ile ya nguvu ni nzito na inaonekana. Hata yeye, aliyewapita mafundi wote, hakupata pistole isiyokuwa na ule upungufu.

Tena kuificha kuna bei yake. Kitu kilichofichama kinaomba muda wa kukitosha, na bandi anafika na yake mukononi. Sisi Katanga tulishaona kwamba hata mwenye silaha mukononi haokoki. Tarehe 20 ya mwezi wa 12 mwaka wa 1891, kule Bunkeya, kapiteni Omer Bodson alimupiga mwami Msiri na bunduki ya mukono, na Msiri akafa. Palepale mutoto wa Msiri akamupiga Bodson, na Bodson naye akafa. Alikuwa na silaha, alikuwa na wenzake, na alipiga wa kwanza.

Turudie kwa Browning. Mbele ya vita ya 1914, FN ilifanya sikukuu ya pistole zake kupita milioni moja, na mufalme Albert alimupatia Browning heshima ya Ordre de Léopold. Kisha, tarehe 28 ya mwezi wa 6 mwaka ule wa 1914, kule Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alitosha chini ya koti yake modeli ya 1910 ya Herstal. Alimuua Franz Ferdinand, mutoto wa ufalme wa Austria, pamoja na muke wake. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wamejitayarisha zamani kwa vita. Masasi mawili yalifungua mulango. Na vita ile haikubakia Ulaya. Askari wa Force Publique walipigana mpaka Tabora, walioingia mwezi wa 9 mwaka wa 1916, na kwa kila askari kulikuwa watu wa kubeba mizigo, baba zetu wa zamani, waliokufa njiani na njaa na magonjwa bila jina lao kuandikwa pahali. Katika masasi mengi ya vita ile ganda lilikuwa la shaba iliyochanganywa na zinki. Munajua shaba ni kazi ya nani.

Serikali ya Marekani ilipoingia vitani mwaka wa 1917, ilimuomba Browning haki ya kutengeneza ma mitrayezi yake. Alikubali dola 750.000, kidogo sana kuliko sehemu yake ingefika. Yule aliyekatalia kompani hakutaka kubishana na inchi yake wakati vijana wanakwenda kufa. Alizeeka, lakini alizidi kuvuka bahari kwenda Herstal. Tarehe 26 ya mwezi wa 11 mwaka wa 1926, akiwa na miaka 71, moyo wake ulisimama kulekule ndani ya fabrike, katika biro ya mutoto wake Val. Pistole aliyokuwa anatengeneza haikuwa imekwisha. Mubelgiji Dieudonné Saive aliimaliza, na ilitoka mwaka wa 1935, ile yenye masasi 13 ambayo majeshi mengi ya dunia yalibeba. Mwili wa Browning ulirudishwa Ogden kuzikwa.

Kunabakia neno moja la fabrike ile, na njo neno nililomuambia kijana wangu kwa nguvu zaidi. Miaka karibu 40 kisha kifo cha Browning, mwezi wa 2 mwaka wa 1966, wanawake karibu 3.000 waliotumika pale Herstal waliacha mashine zao. Walikuwa wanalipwa kidogo kuliko wanaume, na waliomba mushahara sawa kwa kazi sawa. Fabrike ilikuwa imejaa silaha, na walizitengeneza kwa mikono yao wenyewe. Hakuna aliyebeba moja kwa kudai haki yake. Walikunja mikono pamoja, juma 12, na mushahara ukapandishwa.

Basi kijana wangu, na wewe mwingine unayewaza vile usiku. Sheria yetu ya tarehe 3 ya mwezi wa 9 mwaka wa 1985 juu ya silaha haimuachi raia abebe pistole bila ruhusa ya serikali, na ile inayouzwa kwa kujificha haina karatasi. Wakikukamata nayo, muke wako ataleta chakula gerezani, na deni ya duka itabakia palepale. Bandi wakijua unayo, watakufuata juu yake pia. Lakini woga wako si uongo, na mimi sitakuambia ukae kimya.

Tumeandika barua kwa wakubwa. Tunaomba vitu vitatu: bisi ya kurudisha posti ya usiku mpaka mulangoni mwa kambi, taa katika sehemu ile ya giza, na mushahara upite kwenye konti, usipite tena mukononi. Browning alipokataa bei ya kompani alikuwa na kitu ambacho wengine hawakukuwa nacho, breve zake. Sisi hatuna breve. Tuko na hesabu yetu tu, tukiwa wengi.

Kijana hajaniambia bado kama ameacha ile mawazo. Barua iko kwangu mpaka siku ya posho, na nafasi ya jina lake bado iko wazi.