Sweelinck, Mwalimu Aliyehifadhiwa na Wanafunzi Wake

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo wazee wetu walivyotuonya. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye mali yake ingalipotea, kama daftari za watu wengine zisingaliihifadhi.

Jan Pieterszoon Sweelinck alizaliwa Deventer, katika Uholanzi, mwaka 1562. Baba yake alikuwa mpiga kinanda wa Oude Kerk, yaani Kanisa la Kale, mjini Amsterdam, na mwana aliirithi kazi hiyo angali kijana. Mwaka 1578 Wakalvini walishika utawala wa mji. Altare ziliondolewa, Misa ikakatazwa, na kinanda kikanyamazishwa wakati wa ibada. Lakini kinanda kilikuwa mali ya mji. Wakubwa hawakukivunja, bali walimlipa Sweelinck mshahara akipige kabla na baada ya ibada, watu wapate kusikia. Kazi hiyo aliishika kwa miaka 40 na zaidi, mpaka alipokufa tarehe 16 Oktoba 1621.

Nyimbo zake za kuimba zilipigwa chapa. Alizitungia muziki Zaburi zote 150, na mwaka 1619 alitoa kitabu cha nyimbo 37 za Kilatini, nyingi zikiwa na maneno ya Liturujia ya Kanisa Katoliki. Lakini nyimbo zake za kinanda hazikupigwa chapa hai yake yote, wala haukutufikia hata ukurasa mmoja wa nyimbo hizo ulioandikwa kwa mkono wake. Zile 70 hivi tulizo nazo zimo katika nakala za wanafunzi wake na za watu wengine. Wanafunzi hao walitoka hasa Ujerumani: Samuel Scheidt wa Halle, Heinrich Scheidemann na Jacob Praetorius wa Hamburg, na wenzao.

Kuzisoma nakala hizo si kazi ya mchezo. Nyingine zimeandikwa juu ya mistari sita, si mitano kama tulivyozoea. Nyingine, kwa desturi ya Wajerumani, hazina mistari kabisa: kila sauti yatajwa kwa herufi, na juu yake ziko alama za kuonyesha urefu wake. Alama ya kupandisha sauti nusu kwa kawaida yahusu noti ile moja tu. Asiyejua hilo hupiga wimbo mwingine akidhani ni ule ule. Kuhusu mabomba yapi ya kinanda yafunguliwe, waandishi karibu daima wamenyamaza, na kinanda chenyewe alichokipiga Sweelinck kiliondolewa katika karne ya 18. Tena nakala mbili za wimbo mmoja mara nyingine hazipatani. Hapo msomaji hujaribiwa kuchagua ile impendezayo sikio. Yampasa kwanza kuuliza ni nani aliyenakili, wapi, lini, na kutoka nakala ipi.

Mwaka 1894 Max Seiffert alianza kuzitoa kazi za Sweelinck katika chapa, na wataalamu waliomfuata wamezisahihisha tena na tena kila nakala nyingine zilipopatikana.

Hata hivyo, sanaa ya Sweelinck haikungoja chapa. Scheidemann alimfundisha Reincken, na Bach angali kijana alisafiri mpaka Hamburg kumsikia Reincken.

Katika makanisa yetu wako walimu wa kwaya wanaonakili nyimbo usiku kwa mkono, na pengine hudhani kwamba kazi yao ni ndogo. Twawaomba wanakili kwa uaminifu, waandike jina la mtungaji na mwaka, wala wasitengeneze kwa siri wasichokielewa. Wanafunzi wa Sweelinck hawakujua kwamba mwalimu wao mzima angebaki mikononi mwao.