Wangari Maathai: Mtetezi wa Delta ya Tana aliyeuawa na saratani ya ovari

Mpango wa kupanda miwa kwenye takriban hekta 20,000 za Delta ya Tana ulipozua mzozo mwaka 2008, Profesa Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliosimama kuupinga. Alionya dhidi ya kuvuruga ardhi hiyo oevu ya eneo la Garsen, ambako Waorma hulisha mifugo na Wapokomo hulima.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 25, 2011, mshindi huyo wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004 aliaga dunia jijini Nairobi akiwa na umri wa miaka 71. Alikuwa akiugua saratani ya ovari, na Wakenya wengi hawakuwa na habari.

Alizaliwa Ihithe, Nyeri, Aprili 1, 1940. Kabla ya kuanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alikuwa mwanasayansi. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Utafiti wake ulihusu jinsi viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyoumbika. Miaka 40 baadaye, ugonjwa wa kiungo cha uzazi ndio uliomwua.

Saratani hiyo hunyemelea. Tumbo hujaa, hamu ya chakula hupungua na haja ndogo huja mara kwa mara. Kwa mwanamke mwenye kisukari, ni rahisi dalili kama hizo kudhaniwa kuwa za sukari. Matibabu nayo huwa magumu zaidi: sukari ikiwa juu, jeraha la upasuaji huchelewa kupona, steroidi zinazotolewa pamoja na kemotherapia huipandisha, na baadhi ya dawa za saratani hutia ganzi miguu ambayo huenda kisukari kimekwisha kuidhuru. Hivyo madaktari wa maradhi yote mawili hupaswa kushauriana tangu mwanzo.

Alipofariki, ni Hospitali ya Kenyatta pekee, kati ya hospitali za umma nchini, iliyokuwa na tiba ya mionzi. Baadaye vituo vya saratani vilifunguliwa Mombasa na Garissa, ila kwa mgonjwa wa Garsen safari ingali ndefu.

Mwaka 2012 Delta ya Tana ilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Ardhi aliyoitetea ilipata hadhi; wanawake wanaoilima wangali wanahitaji kuchunguzwa mapema, karibu na kwao.