Kitili Mwendwa, jaji asiyepata mahakama ya kumsikiliza

Juzi nilikwenda Kitui kumpa pole rafiki niliyesoma naye chuoni. Basi la Mombasa lilinishusha Kibwezi, kaunti ya Makueni, nikapanda matatu ya kupitia Mutomo. Njiani mzee mmoja akataja jina la Kitili Mwendwa. Vijana tuliokuwa nao hawakulijua. Nikaona leo nimzungumzie.

Maluki Kitili Mwendwa alizaliwa Kitui mwaka 1929, mtoto wa Chifu Mwendwa. Alisoma Makerere, kisha akaenda Uingereza kusomea sheria. Ndugu yake, Ngala Mwendwa, alikuwa Waziri wa Leba katika baraza la kwanza la Mzee Kenyatta. Kitili naye akawa Wakili Mkuu wa Serikali, chini ya Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo.

Mwaka 1968, kabla hajafika miaka 40, akateuliwa Jaji Mkuu. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho nchini, kiti kinachoongoza mahakama zote, zikiwemo za kadhi huku kwetu Mombasa, Malindi na Lamu.

Hakudumu. Mwaka 1971 watu 12 walifungwa kwa njama ya kuipindua serikali, na kwenye kesi hiyo jina la Jaji Mkuu likatajwa. Meja Jenerali Joseph Ndolo, mkuu wa majeshi na Mkamba mwenzake, aliacha kazi. Mbunge wa Yatta, Gideon Mutiso, alifungwa. Kitili hakushtakiwa. Alijiuzulu tu, akarudi nyumbani.

Hapo ndipo moyo wangu unaposita. Mutiso alisimama kizimbani, akasomewa mashtaka, akahukumiwa. Kitili, mkubwa wa majaji wote, hakupata jaji wa kusema ana hatia au hana. Kiti chake alipewa Mwingereza, James Wicks. Ilibidi kungoja hadi 1997, alipoteuliwa Zaccheus Chesoni, ndipo Mwafrika mzaliwa wa Kenya akakikalia tena.

Watu wa Kitui Magharibi hawakumtupa. Mkewe, Nyiva, waliwahi kumpeleka bungeni mwaka 1974, na baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini. Kitili mwenyewe walimchagua kuwa mbunge wao miaka ya themanini. Lakini mwaka 1985 ajali ya barabarani ikamchukua, akiwa na miaka 55.

Sijui kama alikuwa na kosa, wala wewe hujui. Ndiyo hasara ya jina kutajwa bila kesi kusikizwa: mtu hafungwi, wala haachiliwi. Huku Pwani tunao vijana wanaotajwa kwa ubaya vibarazani, hawashtakiwi, na kazi hawapati tena. Dini yetu inatuamuru tuichunguze habari kabla ya kumdhuru mtu kwayo. Ikiwa Jaji Mkuu aliangushwa na kutajwa tu, mtoto wa jirani yako ana kinga gani?

Allah atuhifadhi na shari ya ndimi zetu.