Zimmermann: Mtaalamu wa mimea aliyeiongoza Amani ilipotengeneza kwinini

MGENI anayefika Sigi, wilayani Muheza, hulakiwa na jengo la stesheni ya reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tengeni. Reli haipo tena, lakini barabara bado hupanda katikati ya msitu wa Usambara Mashariki hadi Amani, mahali alipofanyia kazi Albrecht Zimmermann.

Zimmermann alizaliwa mwaka 1860 mjini Braunschweig, Ujerumani, akasomea elimu ya mimea. Mwaka 1896 alikwenda Buitenzorg, kisiwani Java, kuchunguza maradhi ya kahawa. Mwaka 1898 alieleza habari za mnyoo mdogo mno unaoshambulia mizizi ya mkahawa, na hadi leo jina lake huandikwa pamoja na la mnyoo huyo katika vitabu vya sayansi.

Taasisi ya utafiti wa kilimo ilipoanzishwa Amani mwaka 1902 chini ya Franz Stuhlmann, Zimmermann alijiunga nayo. Mwaka 1906 aliandika kuhusu ugonjwa wa batobato wa muhogo, ambao bado unawasumbua wakulima wetu. Baadaye akawa mkurugenzi.

Mtihani mkubwa ulimkuta katika Vita Kuu ya Kwanza iliyoanza mwaka 1914. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, dawa za Ulaya zikaadimika, na malaria haikuchagua askari wala mpagazi. Hata hivyo, miti ya kwinini ilikuwa imekwisha kupandwa milimani. Maabara ya Amani ikaanza kutoa dawa katika magome yake.

Kwinini, kama kafeini ya kahawa na chai, ni alkaloidi, yaani kemikali chungu iliyojificha ndani ya mmea. Kwa kawaida gome hukaushwa, husagwa na kuchanganywa na chokaa ili kemikali hiyo iachie. Kisha huvutwa kwa mafuta, hutiwa asidi na kuachwa igande kuwa chembe. Chembe hizo huyeyushwa na kugandishwa tena hadi uchafu uishe.

Waingereza waliitwaa Amani mwaka 1916. Jeshi la Wajerumani lililorudi nyuma kuelekea kusini halikuwa tena na maabara hiyo. Likachemsha magome na kunywa maji yake machungu, yaliyopewa kwa mzaha jina la kamanda wao, Lettow-Vorbeck. Katika vita hivyo wapagazi Waafrika wa pande zote mbili walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi.

Zimmermann alifariki dunia mjini Berlin mwaka 1931. Alitumikia serikali ya kikoloni, na dawa ya maabara yake ilirefusha vita ambavyo havikuwa vya wananchi. Lakini kazi ya kupambana na malaria haikuondoka Usambara: Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kituo kinachoitwa Amani, na malaria imekuwa miongoni mwa kazi zake kuu.