Salme binti Said: ndoa ambayo wazee hawakuiketia

Uvira ni mji wa makabila mengi, na ndoa za kuchanganya ni za kila siku. Mfuliiru anaoa Mbembe, Mvira anaolewa na Mrundi, kijana wa Fizi anachukua bibi Bukavu. Mara nyingi vijana wenyewe wanapatana vizuri. Shida inaanzia ukweni. Upande mmoja kumpa baba mkwe mkono ni heshima, upande wa pili ni dharau. Huku mkwe anakula meza moja na mama mkwe, kule ni aibu kubwa. Tena kuna mali: isipotolewa, au ikitolewa bila wazee kuketi, jamaa ya binti inabakia na kinyongo hata miaka.

Kinyongo cha namna hiyo kinaweza kufika mbali. Maisha ya Salme binti Said wa Zanzibar yanaonyesha hivyo.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika nyumba ya kifalme ya Mtoni. Baba yake alikuwa Sultani Sayyid Said, mama yake Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi aliyeletwa kama mtumwa. Tangu nyumbani kwao Salme aliona mataifa mengi chini ya paa moja. Alijifundisha kuandika kwa siri, maana wasichana wa kifalme walifundishwa kusoma tu.

Ule ulikuwa wakati ambapo njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Mwaka 1858 Wazungu wawili, Burton na Speke, walipanda mitumbwi Ujiji na kufika mpaka Uvira. Aliyetawala Zanzibar wakati huo alikuwa Majid, kaka ya Salme.

Baba alipokufa mwaka 1856, watoto wake walianza kugombana. Mwaka 1859 kaka mwingine, Barghash, alitaka kumpindua Majid. Salme alikuwa kijana tu, lakini juu ya kujua kuandika akawa mwandishi wa barua za Barghash. Mpango ulishindwa. Kisha Salme akapatana tena na Majid, na Barghash hakufurahi hata kidogo. Kwa hiyo hata kabla ya mambo ya ndoa, jamaa ilikuwa tayari na ufa.

Ndani ya mji wa Zanzibar, nyumba ya Salme ilikuwa jirani na ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg. Walijuana, wakapendana, na mwaka 1866 Salme akawa na mimba. Posa haikupelekwa kwa Majid. Hata ingepelekwa, dini haikuruhusu mwanamke Mwislamu aolewe na Mkristo, na huyu alikuwa binti wa sultani. Kwa jamaa yake, lile halikuwa kosa la wawili: heshima ya ukoo mzima iliguswa mbele ya watu.

Mwezi wa 8 mwaka ule Salme alikimbia usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza mpaka Aden. Mtoto wa kwanza alizaliwa huko mwezi wa 12. Heinrich alibakia Zanzibar kumaliza biashara zake, na Majid hakumfanyia ubaya. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa, akapewa jina Emily, na siku ileile wakafunga ndoa. Wakasafiri kwenda Ulaya. Yule mtoto alikufa njiani.

Hamburg, Salme alipaswa kujifunza kila kitu upya: mavazi, chakula, baridi, kanisa, namna ya kuketi na wageni. Watu walimwangalia kama kitu cha ajabu. Yeye na bwana yake walisemezana Kiswahili. Walizaa watoto watatu: Antonie, Said na Rosalie.

Mwezi wa 8 mwaka 1870, Heinrich alianguka alipokuwa anashuka kwenye tramu ya farasi, akafa. Rosalie hakuwa amefikisha hata miezi minne. Kwa sheria ya Hamburg ya wakati ule, mjane hakuwa na ruhusa ya kushika peke yake mambo ya mali na watoto. Aliwekewa wasimamizi wanaume. Na nyuma kwao hapakuwa na mjomba wa kuja kumtetea. Mwaka uleule Majid akafa pia, na aliyekaa kwenye kiti ni Barghash.

Salme aliishi kwa kufundisha Kiarabu. Mwaka 1875 Barghash alipotembelea London, Salme alikwenda kumtafuta, lakini Waingereza walizuia wasikutane. Ndipo wakubwa wa nchi wakaona faida ndani ya ugomvi wa jamaa. Mwezi wa 8 mwaka 1885, Bismarck alituma meli za kivita Zanzibar kumlazimisha Barghash akubali nchi ambazo Wajerumani walichukua bara. Salme na watoto wake waliletwa kwa safari hiyohiyo. Madai yake ya urithi yakawa fimbo mkononi mwa Ujerumani. Barghash akakubali habari ya nchi, lakini dada yake hakumpokea. Wajerumani walipopata walichotaka, habari ya Salme ikawekwa pembeni. Miaka michache kisha, ng'ambo ya ziwa, Kigoma na Bujumbura zikawa chini yao.

Watu wa kawaida wa Zanzibar walimpokea Salme kwa salamu nzuri njiani. Ni nyumba ya kaka yake tu iliyobakia imefungwa. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake. Barghash alikufa 1888; Salme akarudi mwaka uleule kumjaribu sultani mpya, Khalifa, ambaye pia alikuwa kaka yake. Naye akakataa. Kisha Salme akaishi Beirut miaka mingi.

Alikufa tarehe 29 Februari 1924 mjini Jena, akazikwa Hamburg, katika kaburi la jamaa ya Ruete. Pamoja naye waliweka mchanga wa pwani ya Zanzibar, aliokuwa ameuhifadhi.

Barghash alikuwa na dini na heshima ya ukoo ya kulinda. Salme alikuwa na bwana aliyempenda na watoto wa kulea. Kilichokosekana ni mtu wa katikati: mzee aliyeheshimiwa pande zote mbili, asiye na faida yake ndani ya ugomvi. Waliojitokeza kusema kwa niaba ya Salme walikuwa na meli za kivita. Hapa Uvira, kati ya jamaa mbili zisizoelewana juu ya salamu au juu ya mali, yule mzee wa katikati bado anapatikana. Afadhali aitwe mapema, mbele ya mtoto kuzaliwa na mbele ya mtu kukimbia.