Mwalimu Nyerere na saratani ya damu iliyomwondoa

BUHEMBA inafahamika kwa dhahabu tangu enzi za ukoloni. Si mbali na machimbo hayo, katika wilaya hiyo hiyo mkoani Mara, kipo kijiji cha Butiama, alikozaliwa na anakopumzika Baba wa Taifa, Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mgaya wa Nyang'ombe. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mifugo. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alianza masomo katika Shule ya Mwisenge, Musoma, kisha akaendelea Tabora, Makerere na hatimaye Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952. Aliporejea alifundisha Pugu, lakini siasa ilimwondoa darasani. Julai 7, 1954 TANU ilizaliwa, yeye akiwa kiongozi wake, na Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru.

Tangu siku za mwanzo za uhuru aliwatambulisha wananchi kwa maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Chini ya uongozi wake zahanati zilijengwa vijijini, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha mamilioni ya watu kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kujikinga na malaria. Maradhi ya zama hizo yalionekana kwa macho: mbu, maji machafu, utapiamlo. Yaliyomfika mwenyewe uzeeni yalikuwa ya namna nyingine kabisa.

Mwaka 1998 madaktari waligundua kuwa ana saratani ya damu. Ilikuwa ya aina sugu, ile inayokwenda polepole na kushika chembechembe nyeupe ziitwazo limfosaiti. Kwa kawaida chembe hizo hulinda mwili dhidi ya vijidudu, na muda wake ukiisha hufa na kupisha nyingine. Katika ugonjwa huu hukataa kufa. Hurundikana katika damu, tezi, bandama na uboho wa mifupa, hadi chembe nyekundu na askari wazima wa mwili wanakosa nafasi.

Wanasayansi wamechunguza kinachotokea ndani ya chembe hizo. Kila seli hutumia oksijeni kupata nguvu, na kazi hiyo huacha mabaki makali mithili ya cheche za moto jikoni. Mwili una wazima moto wake, yaani antioksidanti: vimeng'enya kama katalasi, kemikali iitwayo glutathioni, pamoja na vitamini C na E zipatikanazo katika matunda na mboga. Cheche zikizidi wazima moto, seli huungua hadi kwenye vinasaba vyake. Hali hiyo huitwa msongo wa oksidisho.

Tafiti kwa wagonjwa wa saratani ya aina hii zimekuta alama nyingi zaidi za kuungua huko kuliko kwa watu wenye afya, na baadhi ya vimeng'enya vya ulinzi vikiwa vimedhoofu. Hata hivyo, moto huo una sura mbili. Huharibu vinasaba na kuuchochea ugonjwa, lakini baadhi ya dawa za saratani huutumia moto huo huo kuziua seli mbaya. Ndiyo maana vidonge vya antioksidanti vinavyouzwa mitaani kwa sifa ya kutibu saratani havijathibitishwa kufanya hivyo, na mgonjwa akivitumia bila kumweleza daktari anaweza kuidhoofisha tiba yake. Matunda na mboga ni chakula bora, lakini havichukui nafasi ya hospitali.

Mwalimu hakuuacha ugonjwa umwondoe kazini. Mazungumzo ya amani ya Burundi, aliyoyasuluhisha, yalifunguliwa Arusha Juni 1998, naye aliendelea nayo hadi mwaka uliofuata. Alipozidiwa alikuwa London, katika Hospitali ya St Thomas'. Huko ndiko alikofariki dunia Oktoba 14, 1999, akiwa na umri wa miaka 77. Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa msiba huo, na Oktoba 23 Mwalimu alizikwa Butiama. Mkataba wa Burundi ulitiwa saini Arusha Agosti 28, 2000, chini ya usuluhishi wa Nelson Mandela aliyeipokea kazi yake.

Tangu wakati huo tiba imepiga hatua. Zipo dawa za vidonge zinazozuia ishara zinazoziweka hai limfosaiti mbaya, nazo zimewaongezea wagonjwa wengi miaka ya kuishi. Lakini dawa hizo ni ghali, na hazina faida kwa asiyejua kuwa anaumwa.

Uchovu usioisha, tezi zilizovimba shingoni au kwapani bila maumivu, jasho jingi la usiku, homa za mara kwa mara na kupungua uzito ni dalili zisizopaswa kuachwa zipite kwa kisingizio cha uzee au malaria. Mara nyingi kipimo cha kawaida cha kuhesabu chembe za damu ndicho huanza kuufichua ugonjwa huu. Kwa taifa lililofundishwa na Mwalimu kuyahesabu maradhi kuwa adui, kumtambua adui huyo mapema ni sehemu ya vita aliyoianzisha.